Istilahi za Tiba ya Jumla katika Mafunzo ya Tiba ya Meno

Mwanafunzi wa tiba ya meno hajifunzi meno peke yake. Kabla hajaruhusiwa kushika koleo, hufundishwa misingi ya tiba ya jumla: kazi ya moyo na mzunguko wa damu, kisukari, pumu, kifafa, na namna mwili unavyozipokea dawa. Sababu yake ni wazi. Jino likishang'olewa huacha kidonda, na ni hali ya mwili mzima itakayoamua kama damu itaganda, kama kidonda kitapona, na kama mgonjwa atainuka kitini salama. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya tabibu wa meno ni kuuliza maswali.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Nchini Tanzania masomo ya udaktari hutolewa kwa Kiingereza, lakini wagonjwa walio wengi huulizwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi hulazimika kutafsiri papo hapo, akiwa peke yake. Katika makala haya tumekusudia kuyahakiki baadhi ya maneno yanayotumika katika mahojiano hayo. Kipimo chetu ni kimoja: istilahi ya tiba haitoshi kulingana na neno la kigeni, sharti pia imletee tabibu jibu analolihitaji kutoka kwa mtu ambaye hakusomea tiba.

Tuanze na neno "mzio", ambalo kwa maoni yetu liliteuliwa vizuri. Tangu zamani mzio ni kitu ambacho mtu hukatazwa kukila au kukitumia, ama kwa sababu ya mila, ama kwa kuwa humdhuru. Walioliteua hawakubuni neno geni, bali waliipanua maana iliyokuwapo. Hata hivyo, mgonjwa akiulizwa tu kama ana mzio, aweza kufikiria mwiko wa ukoo wake, akaisahau sindano ya penisilini iliyomtoa vipele. Swali na litaje dawa na dalili: "Je, umewahi kutumia dawa ikakutoa vipele, ikakuvimbisha uso, au ikakubana pumzi?" Mshtuko wa mzio huweza kuua kwa muda wa dakika chache, na tiba yake ya kwanza, yaani adrenalini ya miligramu 0.5 katika msuli wa paja la mtu mzima, haina nafasi ya kungoja kamusi.

La pili ni "presha". Wako wanaotaka neno hili la mkopo liondolewe, na mahali pake pashikwe na "shinikizo la damu". Sisi hatuafiki. Kila aliye hai ana shinikizo la damu. Mgonjwa ni yule ambaye shinikizo lake limezidi. Kumwuliza mtu kama ana shinikizo la damu ni sawa na kumwuliza kama ana mapigo ya moyo. Katika maandishi istilahi iwe "shinikizo la juu la damu". Katika mahojiano, "presha ya kupanda" hueleweka na kila mtu, wala hakuna fedheha kuitumia.

La tatu lina hatari zaidi. Mgonjwa anayetumia warifarini huambiwa kwamba amepewa dawa ya kuifanya damu iwe "nyepesi". Usemi huu ni wa makosa. Dawa hiyo haiipunguzii damu uzito wala wingi wake; huipinga vitamini K, na hivyo kulizuia ini lisitengeneze kikamilifu baadhi ya protini zinazogandisha damu. Mgonjwa anayesikia kuwa damu yake imefanywa nyepesi aweza kudhani kwamba amepungukiwa na damu, na akiulizwa atajibu kuwa anatibiwa upungufu huo. Tabibu naye, akiridhika na jibu hilo, atang'oa jino bila kupima kwanza kiasi cha kuganda kwa damu. Kwa upande mwingine, mgonjwa akiiacha dawa kwa hiari yake kwa ajili ya jino, aweza kupatwa na kiharusi. Kwa kuwa kila nyumba hujua maziwa ya mgando, twapendekeza "kizuiamgando" kiwe istilahi ya kitabuni, na "dawa ya kuzuia damu isigande" iwe maelezo kwa mgonjwa.

La nne ni "homa ya baridi yabisi". Ugonjwa unaokusudiwa huwapata hasa watoto baada ya kuambukizwa koo na bakteria wa aina ya streptokoki, na huweza kuziharibu vali za moyo maisha yote. Lakini masikioni mwa watu, baridi yabisi ni maumivu ya viungo. Mzee mwenye magoti mabovu atajibu "ndiyo", na kijana mwenye vali mbovu atajibu "hapana", na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Jambo hili si dogo, kwa sababu jino linapong'olewa bakteria wa kinywani huingia katika damu. Kwa mwongozo wa Shirika la Moyo la Marekani wa mwaka 2007, uliothibitishwa tena mwaka 2021, mtu mwenye vali ya bandia hupewa kinga ya amoksisilini, gramu 2 kwa mtu mzima, dakika 30 hadi 60 kabla ya kazi ya namna hiyo. Basi swali liwe: "Je, daktari amewahi kukuambia kuwa vilango vya moyo wako ni vibovu, au umewahi kupasuliwa moyo?"

Mwisho ni "uvimbe", neno lililotwishwa mzigo usiolistahili. Kwa neno hili moja huandikwa maji yaliyojaa katika tishu, usaha uliokusanyika, wekundu na joto la maambukizo, na hata seli zinazokua pasipo mpango. Tena ufizi wa mtu anayetumia fenitoini kwa ajili ya kifafa, au nifedipini kwa ajili ya presha, huweza kukua hata ukafunika meno. Faili likisema "uvimbe wa fizi" tu, tabibu wa pili hatajua kama atumbue jipu, aondoe ukoga, aulizie dawa, au apeleke kipande maabara. Uvimbe na ubaki jina la dalili kabla sababu haijajulikana. Baada ya hapo pawe na "jipu", "mchochota", na "ukuaji wa ziada wa ufizi", kila moja mahali pake.

Huenda wengine wakasema kwamba mambo haya ni ya madaktari, si ya wanalugha. Twajibu kwamba daktari hawezi kulisahihisha jibu ambalo swali lake mwenyewe lililipotosha. Orodha nyingi za istilahi huwa na safu mbili, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Twashauri orodha za tiba ziongezwe safu ya tatu, yaani swali atakaloulizwa mgonjwa, na kwamba neno lisisanifiwe kabla swali hilo halijajaribiwa kliniki, mbele ya watu wa mjini na wa shamba. Neno litakaloshindwa hapo na lirudishwe mezani, hata kama limewapendeza wajumbe wote wa kikao.