"Mwitikio Hasi" na "Mzio wa Iodini"

Katika tafsiri za maswali aulizwayo mgonjwa kabla ya kudungwa dawa ya kupigia picha ya CT, limo hili: "Je, umewahi kupata mwitikio hasi?" Mfasiri amehamisha maneno, maana ameiacha nyuma. Mkulima wa mpunga wa Bahi aliyepelekwa Dodoma mjini kupigwa picha amelizoea neno "hasi" katika majibu ya vipimo vya virusi vya UKIMWI, na huko ni habari njema. Ajibu nini? Na jibu lina uzito, kwani aliyepata kudhurika na dawa ya aina hiyo ndiye aliye katika hatari zaidi ya kudhurika tena. Ingetosha kuuliza: "Umewahi kudungwa dawa ya kupigia picha? Uliwashwa, ulivimba, au ulibanwa pumzi?"

"Dawa ya rangi", kama wengi waiitavyo, haina rangi. Ni maji maangavu, weupe wake huonekana pichani tu. Napendelea "dawa bainishi", kwa kuwa kazi yake ni kubainisha mishipa na viungo.

Kosa zito zaidi ni "mzio wa iodini". Dawa bainishi za picha ya CT zina iodini, lakini si iodini peke yake isababishayo mzio huo, bali dawa yenyewe kwa umbile lake zima. Nayo iodini wananchi huijua kwa jina la "madini joto", yale ya kwenye chumvi. Mama aliyeandikiwa kuwa ana mzio wa iodini, akiisha kuelezwa kuwa ndiyo madini joto, atarudi Bahi aiache chumvi hiyo, na huenda rovu likamfuata. Hapana budi iandikwe "mzio wa dawa bainishi", na jina la dawa aliyodungwa litajwe.

Hata hilo "joto" lina mtego wake. Dawa ikiingia mshipani, wengi husikia joto mwilini kwa muda mfupi. Huo si mzio. Wafasiri wetu hutia yote katika kapu moja la "madhara". Afadhali joto na kichefuchefu kipitacho viitwe "maudhi", vipele na uvimbe viitwe "mzio", na koo likibana au shinikizo la damu likishuka ghafla, tuseme "mshtuko wa mzio", ambao tiba yake ya kwanza ni adrenalini, idungwayo mara moja katika msuli wa paja. Muuguzi akiandikiwa "akipata madhara, adungwe adrenalini", atamdunga aliyesikia joto tu. Akiandikiwa "maudhi hupita yenyewe", atamngojea aliyebanwa koo.