Mizani za Kiarabu katika Vitenzi vya Kiswahili: Hoja ya "st-"

Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uongozi wa Frederick Johnson iliyatia alama maneno yenye asili ya Kiarabu, na mwaka 1940 kitabu cha B. Krumm kiliyachungua maneno yaliyotoka nchi za Mashariki. Kazi hizo zastahili shukrani. Lakini kujua kwamba neno ni la Kiarabu si kujua limejengwaje, na upungufu huo huzaa dhana yenye kupoteza: kwamba vitenzi vya asili hiyo vianzavyo kwa "st-" vyote ni vya namna moja.

Kitenzi cha Kiarabu hujengwa juu ya herufi za asili, kwa kawaida tatu, nazo hutiwa katika mizani mbalimbali. Mizani ya kumi hutanguliza "ista-", na mara nyingi huleta maana ya kutaka jambo au kulihesabu kuwa hivyo. Humo ndimo vilimotoka -staajabu, ndugu ya ajabu. -Stahiki, ndugu ya haki. Na -starehe, ambayo asili yake, r-w-h, ndiyo iliyotoa raha.

-Stawi haimo. Asili yake ni s-w-y, iliyotoa pia sawa. Kwa hiyo "s" ni herufi ya asili, na "t" ndiyo iliyoongezwa baada yake, kama ilivyo kanuni ya mizani ya nane. Kwa Kiarabu "istawa" ni kulingana sawa, na pia tunda au chakula kuiva; kutoka hapo hadi mmea kustawi si mbali. Na -stiri, ambayo wengi huiandika -sitiri, haina nyongeza yoyote: s, t na r zote ni za asili. Mwenye kuondoa "sta-" kila aionapo ataambua udugu wa -stahiki na haki, lakini katika -stawi atabaki na "wi" isiyo na maana, na udugu wake na sawa utampotea.

Hata hivyo haifai kuzidisha. Mizani hizi hazizai tena katika Kiswahili. Msemaji hatungi kitenzi kipya kwa "sta-". Hutumia viambishi vya Kibantu, akasema -starehesha, -stawisha, -sitiriwa. Wala asili si hakimu wa maana. Kwa Kiarabu "istaaraba" ni kuwa kama Mwarabu. Kwa Kiswahili aliyestaarabika ni mwenye adabu na mwenendo mwema, awe wa kabila lolote. Kamusi imrudishayo msomaji kwenye maana ya Kiarabu, kana kwamba hiyo ndiyo sahihi, humnyang'anya mwenye lugha haki yake.

Basi dawa si kuipanga kamusi ya Kiswahili kwa herufi za asili, kama zilivyopangwa kamusi nyingi za Kiarabu, kwani msomaji hulitafuta neno kama alisikiavyo. Yatosha, mwishoni mwa maelezo ya neno, kutaja herufi za asili, mizani, na ndugu zake waliomo katika Kiswahili. Maana ipimwe kwa matumizi ya wasemaji, na nasaba kwa ushahidi wa herufi. Wala moja isichukuliwe badala ya nyingine.