Juisi ya Machungwa kwa Maji ya Shabu

Camelford ikitajwa, lawama zote humwendea dereva. Kweli, tarehe 6 Julai 1988 alimwaga tani 20 za salfeti ya alumini, shabu ya mitambo ya maji, kwenye tangi lisilo lake katika kituo cha maji cha Lowermoor, Cornwall, kinacholisha mji wa Camelford. Lakini alikuwa dereva wa akiba na kituoni hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Huyo nimeshamsamehe. Nisiowasamehe ni wakubwa wa mamlaka ya maji waliowaambia watu maji ni salama, wayachanganye na juisi ya machungwa kuua ladha.

Juisi! Chumvi ya mezani ikiyeyuka, pH haitikisiki, magadi huipandisha, shabu huishusha. Ayoni ya alumini ni ndogo, ina chaji tatu, na huvuta molekuli za maji kwa nguvu hadi zinaachia protoni. Maji laini ya Bodmin Moor hayana bikaboneti za kutosha kuzimeza protoni hizo. Kwa hiyo uchachu ukafika mabombani, ukala shaba na risasi, na nywele za watu zikageuka kijani. Alumini ilipimwa hadi miligramu 620 kwa lita. Kikomo kilikuwa 0.2. Ndipo mtu anashauri maji hayo yaongezewe asidi ya matunda, ambayo sitrati yake huishika alumini na kuirahisishia njia ya kupenya utumbo hadi kwenye damu. Ungetafuta ushauri mbaya zaidi usingeupata.

Wakubwa hao walipoona pH imeshuka, kuhisi mwanzoni kwamba pampu ya chokaa, inayoipandisha, imeharibika hakukuwa kosa. Ila nimeshalisema hili hadi nimechosha: tangu mwanakemia Sørensen atupe kipimo cha pH mwaka 1909, wapo wanaoisoma namba bila kuuliza nani kaishusha. Siku mbili baadaye shabu ikashukiwa, na bado wananchi hawakuambiwa. Tangazo likatoka 22 Julai, kwenye kurasa za michezo za gazeti.

Shabu yenyewe haina hatia. Ikipimwa vizuri na kuwekewa chokaa, husafisha maji. Bibi zetu wa pwani walilijua hilo bila maabara: kipande kidogo mtungini, tope litulie, yachotwe ya juu. Hakuna aliyemimina gunia zima kisha akawakaribisha wageni kwa sharubati.

Mwaka 1991 mahakama ya Exeter iliitoza mamlaka ile faini ya pauni 10,000.