Tona ya mpera na asali: jinsi inavyotengenezwa, na inakokwamia

Anayetaka kuielewa tona ya kienyeji, yale maji ya kupaka usoni baada ya kunawa yanayochemshwa majikoni Kasulu na Kibondo, aanze na sabuni. Wilaya hizo ziko Kigoma, mkoa wa michikichi. Mawese yanayokamuliwa huko hayaishii kwenye mboga tu. Mengine hupikwa na kostiki, yakamwagwa kwenye fremu za mbao, yakakatwa vipande na kuuzwa gulioni. Sabuni iliyopikwa kwa vipimo sahihi na kuachwa ikomae ni salama kabisa, lakini hata ikiwa salama, sabuni ya mche ni besi. pH yake ni kati ya 9 na 10. Ngozi ya uso yenye afya iko upande wa pili, kwenye asidi kidogo, kati ya 4.5 na 5.5.

Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mtu aliyetoka kunawa ahisi uso umekaza. Tabaka la juu la ngozi limepoteza mafuta yake na asidi yake kwa pamoja. Ngozi hujirudisha yenyewe baada ya saa kadhaa, ila anayenawa asubuhi, mchana baada ya shamba na jioni tena, haipi nafasi ya kujirudisha. Hapo ndipo tona inapopata kazi halali: kuondoa mabaki ya sabuni, kurudisha asidi kidogo, na kuacha kitu cha kushika unyevu. Kazi zake zinaishia hapo. Tona haing'arishi mtu, haifuti makovu, haizibi vinyweleo, na anayeahidi hayo anauza ndoto.

Hili mtu anaweza kuliona kwa macho bila kifaa chochote cha maabara. Chukua maua makavu ya rozela, yale mekundu yanayouzwa sokoni kwa ajili ya juisi, uyaloweke kwenye maji moto kidogo, kisha ugawe maji hayo kwenye vikombe viwili vyeupe. Kwenye cha kwanza tone povu la sabuni ya mche. Wekundu unapotea palepale. Rangi inapita kwenye zambarau iliyofifia na kuelekea kijani chafu. Kwenye cha pili tone ndimu, na rangi inazidi kuwaka. Rangi ya rozela hubadilika kufuata asidi na besi, na wanafunzi wa sekondari hufundishwa kutumia maua kwa namna hiyohiyo. Kikombe kile cha kijani kinaonyesha kile ambacho uso hukutana nacho kila unaponawa.

Sasa tuingie jikoni. Mapishi ninayoyachambua yana vitu vinne: majani ya mpera, maji, glisirini na asali. Yapo mengine yenye tango, shubiri, mchaichai na majani ya chai, na kila mpishi ana lake. Nimechagua haya kwa sababu kila kilichomo kina kazi inayoelezeka, na kila kimoja kinapatikana Kasulu bila kuagiza.

Majani ya mpera yanaleta tanini. Ukitafuna jani bichi la mpera unahisi ulimi ukikauka na kukwaruza. Tanini zimeshikana na protini za mate na za ngozi laini ya mdomo. Usoni zinafanya kazi ileile kwa upole, na mwenye ngozi ya mafuta anajisikia mkavu na msafi bila kuchubuka. Kiasi cha kutosha ni kiganja kimoja cha majani yaliyokomaa kwa nusu lita ya maji. Yaoshwe vizuri, kwa sababu vumbi jekundu la kiangazi huganda upande wa chini wa jani, kwenye vinyweleo vyake, na maji ya kumwagia juujuu hayalitoi.

Hapa kuna kosa ambalo huharibu kazi yote kabla haijaanza, nalo liko kwenye chombo. Majani yakichemshwa kwenye sufuria yenye kutu, au kwa maji ya kisima yenye chuma kingi, maji hayabaki na rangi ya chai. Yanageuka meusi yenye ubuluu, kama wino. Tanini imeshikana na chuma, na kwa kweli ni kwa njia hiyo watu wa zamani, Ulaya na Mashariki ya Kati, walitengeneza wino wa kuandikia kwa karne nyingi. Maji hayo yakipakwa usoni yanaacha madoa, na tanini iliyokuwa ifanye kazi imeshatumika. Sufuria ya aluminiamu isiyo na mikwaruzo au ya enameli inatosha. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya kisima kwa kazi hii.

Chemsha kwa moto mdogo dakika kumi hivi, sufuria ikiwa imefunikwa. Kasulu na Kibondo ziko kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na maji huko huchemka karibu nyuzi 96 badala ya 100. Kwa bakteria wa kawaida nyuzi 96 ni mauti, kwa hiyo hakuna hasara. Kinachotakiwa ni kutoharakisha. Ipua, acha ipoe ikiwa imefunikwa, kisha chuja kwa kitambaa cheupe ambacho nacho kimechemshwa. Watu wengi huchemsha dawa kwa uangalifu halafu wakaichuja kwa kitambaa cha jana.

Glisirini ndiyo kiungo ninachokithamini kuliko vyote, japo hakina harufu wala hadithi ya kusimulia. Ni kimiminika kizito, kitamu, kinachovuta maji na kuyashika. Nayo ina undugu na sabuni: mafuta yakikutana na kostiki yanagawanyika kuwa sabuni na glisirini, na kila kilo kumi za mafuta hutoa karibu kilo moja ya glisirini. Sabuni inayotengenezwa kwa mikono nyumbani huibakiza ndani yake. Viwanda vikubwa huitoa na kuiuza peke yake, na ndiyo hiyo inayorudi kwetu kwenye vichupa vya duka la dawa. Kwa mililita 100 za maji ya mpera, weka kijiko kimoja kidogo cha chai, yaani asilimia tano. Ukizidisha, uso unanata na kuvuta vumbi.

Ipo tahadhari ya kiangazi. Kuanzia Juni mpaka Septemba hewa ya Kasulu na Kibondo inakuwa kavu, na glisirini isipopata unyevu hewani huutafuta kwenye ngozi yenyewe, ikauvuta kutoka chini kwenda juu, ukapotea. Ndiyo maana tona haipakwi ikaachwa. Uso ukiwa bado una ubichi wa tona, pakaa mafuta kidogo juu yake. Mafuta ya mise, yanayotoka kwenye kokwa ya chikichi, hufaa kwa wengi. Mwenye chunusi achague mepesi zaidi au apake kidogo sana. Tona ya kiangazi isiyofuatiwa na mafuta humwacha mtu mkavu kuliko alivyoanza, na wengi hulaumu mpera kwa kosa la mpangilio.

Asali inaingia mwisho, maji yakiwa yamepoa kabisa. Misitu ya miombo ya Kibondo inatoa asali nyeusi yenye ladha ya moshi na maua ya porini, na wafugaji nyuki wa huko wanaisifia kwa haki. Asali ina asidi yake, pH yake mara nyingi ni karibu 3.9, nayo huvuta mchanganyiko upande tunaoutaka. Pia ina kimeng'enya ambacho nyuki huitilia, na kimeng'enya hicho, asali ikichanganywa na maji, hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, ile dawa ya kusafishia vidonda. Joto hukiua, kwa hiyo asali iliyotiwa kwenye maji ya moto imebaki sukari na asidi tu. Kijiko kimoja kidogo kwa mililita 200 kinatosha. Tusijidanganye, kwa kipimo hicho kinga yake dhidi ya vijidudu ni ndogo mno. Asali ipo hapo kwa asidi na ulaini. Kukesha ikiilinda chupa si kazi inayoiweza.

Na chupa hiyo ndiyo inayoikwamisha tona yote ya majani, iwe ya mpera, ya tango au ya shubiri. Asali ikiwa nzima haiozi kwa sababu maji yake ni machache, chini ya asilimia 20, na vijidudu haviwezi kuyanyonya. Sabuni haiozi. Nta haiozi. Lakini ukishaweka sukari kidogo, majani na maji mengi kwenye chupa moja umeandaa karamu ya bakteria na ukungu. Siku ya kwanza maji yanaangaza rangi ya chai. Baada ya siku chache kwenye joto la chumba yanafanya mawingu, kisha utando mwembamba unatanda juu na kifuniko kinafunguka kwa mlio mdogo wa gesi. Kuanzia kwenye mawingu, hata bila harufu, maji hayo hayafai kugusa uso, na machoni ni hatari ya kweli. Mengine huharibika bila kuonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo kanuni ya nyumbani isitegemee pua: bila friji, tengeneza ya siku mbili au tatu na iliyobaki mwaga; ukiwa na friji, wiki moja na isizidi.

Chupa iwe ya kioo, ichemshwe dakika kumi, iachwe ijikaushe ikiwa imepinduliwa juu ya kitambaa safi. Chupa za plastiki za maji ya kunywa hazihimili kuchemshwa, hujikunja. Usichovye kidole wala pamba ndani. Mimina kwenye kiganja. Kabla ya kupaka usoni, paka kidogo kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko na usubiri siku moja au mbili. Ngozi ikiwasha au kuvimba, koma hapo.

Shubiri niitaje kwa sababu kila mtu anaiuliza. Ute wake wa ndani ni maji kwa karibu asilimia 99 na unapoza ngozi vizuri. Shida iko kwenye utomvu wa njano ulioko kati ya ganda na ute, ambao huwasha na kuleta upele kwa baadhi ya watu. Kata jani sehemu ya chini, lisimamishe kwenye kikombe mpaka utomvu wote udondoke, ndipo umenye. Anayelisaga jani zima kwenye blenda amechanganya dawa na kiwasho chake. Na ute huo huoza haraka kuliko mpera.

Ndimu na limao ziachwe kabisa. pH yake iko karibu 2.3, kali mno kwa uso, lakini asidi ndiyo sehemu ndogo ya tatizo. Maji na mafuta ya ganda la ndimu yana kemikali zinazoamshwa na mwanga wa jua. Ngozi iliyopakwa ndimu ikatoka nje inaungua, na kwenye ngozi nyeusi kuungua huko huacha mabaka meusi ya miezi. Mtu aliyetaka kung'aa anapata kinyume chake. Kibondo iko karibu nyuzi tatu na nusu kusini mwa ikweta na kwenye mwinuko mkubwa. Kila mita 1,000 za kupanda huongeza mionzi ya jua inayochoma kwa takribani asilimia 10. Huko Kasulu, kwenye kituo cha Kabanga ambako watoto wenye ualbino walipewa hifadhi, jua lina uzito mwingine kabisa. Kwao hakuna tona ya majani inayoweza kuchukua nafasi ya kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kinga kama Kilisun yanayotengenezwa Moshi. Mtu asiwape wazazi wa watoto hao matumaini ya chupa ya mpera.

Nayasema haya kwa mkazo kwa sababu upande wa pili wa soko, ule wa mikorogo ya kung'arisha ngozi, ni mbaya zaidi. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka ukomo wa mwaka 2020 kwa vipodozi vya zebaki duniani, lakini mikorogo bado inauzwa. Zebaki huharibu figo. Dada anayeacha mkorogo akahamia kwenye mpera na glisirini amefanya jambo kubwa, hata kama rangi yake haitabadilika. Ila asiamini kuwa kila kitu cha majani ni salama kwa sababu ni cha majani.

Limebaki swali la kuuza, nalo huja haraka, maana vikundi vya akina mama vinatafuta kipato na SIDO, shirika la viwanda vidogo, imekuwa ikifundisha usindikaji mdogo tangu ilipoanzishwa mwaka 1973. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, si tena chini ya mamlaka ya dawa, na bidhaa ya kuuzwa inatakiwa isajiliwe na ipimwe. Tona yenye maji haiwezi kufika dukani ikakaa miezi bila kihifadhi kinachofaa, mizani ya kupimia gramu na karatasi za pH. Benzoeti ya sodiamu, inayotumika kwenye juisi, hufanya kazi vizuri pale tu mchanganyiko ukiwa na asidi ya kutosha, chini ya pH 5. Kuiweka kwa kukisia ni sawa na kutoiweka.

Ushauri wangu kwa kikundi kinachoanza leo ni kuuza kile kisichooza. Kausheni majani ya mpera kivulini mpaka yavunjike kwa vidole, yafungwe kwenye bahasha za karatasi za kiasi cha chupa moja moja, na maelekezo yachapwe kwa Kiswahili: chombo kisicho na kutu, dakika kumi, glisirini kijiko, asali maji yakipoa, siku tatu basi. Karibu na bahasha hiyo wekeni kipande cha sabuni ya mawese iliyokomaa wiki nne mpaka sita. Mteja ataongeza maji nyumbani kwake, siku anayotaka kuitumia.