Haki ya Kusikilizwa katika Sauti ya Dhiki: Swali na Majibizano kama Miundo ya Utetezi

Uhakiki wa Sauti ya Dhiki (1973), diwani ya Abdilatif Abdalla, umeelemea kwa muda mrefu kwenye kazi ya kufumbua mafumbo: mamba ni nani, jipu ni nini, mnazi unawakilisha nini. Usomaji huo una msingi. Mashairi yaliandikwa kwa siri gerezani, kwenye karatasi za chooni, na mshairi aliyefungwa kwa sababu ya maneno yake alikuwa na kila sababu ya kuyafunika. Hata hivyo, ukifanywa kuwa ndio usomaji pekee, shairi hubaki bila kazi mara tu fumbo linapofumbuliwa. Makala haya yanadai kwamba utetezi wa haki katika diwani hii haumo katika jazanda peke yake. Umo pia katika miundo ya lugha iliyo wazi kwa kila msomaji, hususan swali na majibizano.

Hoja hii inahitaji kuanzia nje ya diwani. Mwaka 1968, wakati serikali ya Kenya ilipokuwa ikikibana chama cha upinzani cha KPU, Abdilatif aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Alishtakiwa kwa uchochezi, akahukumiwa, na akatumikia kifungo chake katika upweke hadi mwaka 1972. Ni muhimu kutambua kwamba hakuwekwa kizuizini bila kesi, kama alivyofanyiwa Alamin Mazrui miaka kumi baadaye. Mahakama ilikuwepo, hakimu alikuwepo, na sheria ilikuwepo. Lakini kiini cha sheria ya uchochezi, iliyorithiwa kutoka kwa utawala wa kikoloni, kilikuwa kusudio la kuamsha chuki dhidi ya serikali, wala si ukweli wa kilichosemwa. Kwa mantiki hiyo, hata swali huhesabiwa kuwa kosa. Twendapi ni kitenzi chenye kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi: anayeuliza amejiweka ndani ya msafara uleule anaoutilia shaka. Serikali ilisikia shambulio kutoka nje pale ambapo sarufi ilikuwa imeweka wasiwasi wa mwenzi wa safari.

Ndani ya gereza, swali halikuachwa. Shairi la “Kuno Kunena” linahoji sababu ya kunena kumletea mtu adhabu. Kichwa chenyewe kimejengwa juu ya kitenzi-jina, na kitenzi-jina cha Kiswahili hakibebi kiambishi cha nafsi. Hivyo kinachosimamishwa mbele ya msomaji ni tendo la kunena lenyewe, bila jina la mtendaji. Uteuzi huu una uzito. Malalamiko ya mfungwa mmoja yanaweza kupuuzwa kama jambo la mtu binafsi. Kesi ya kunena inamhusu kila mwenye kinywa. Aidha, swali linamdai mwulizwa jibu, na kimya chake kinakuwa sehemu ya ushahidi.

Muundo wa pili unaonekana katika “Mnazi: Vuta N’kuvute”, ambamo ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombea mnazi. Wahakiki wengi wameusoma mgogoro huu kama picha ya tabaka linalojilimbikizia matunda ya uhuru na tabaka linalonyimwa. Tafsiri hiyo haina kasoro, ila inaacha swali moja kando: kwa nini mshairi aliyedhulumiwa amempa zamu ya kusema yule anayemwona kuwa mdhalimu? Katika “Mamba”, mwenye nguvu anasemwa, hapa anasema. Jibu limo katika mapokeo ya Mvita, ambako majibizano ya kishairi yalikwisha kukomaa tangu enzi za Muyaka bin Haji. Katika mapokeo hayo, anayejibu hulazimika kwanza kuisikia hoja ya mwenzake, kwa kuwa jibu lisiloigusa hoja hiyo huhesabiwa kuwa udhaifu. Abdilatif ameutumia utaratibu huo kuonesha namna mgogoro unavyopaswa kusikilizwa: kila upande una zamu yake, na hakuna anayeadhibiwa kwa kutamka dai lake.

Inaweza kupingwa kwamba usawa huu wa zamu unaficha kutolingana kwa nguvu, na kwamba kumpa mnyang’anyi jukwaa ni kumpa heshima asiyostahili. Pingamizi hili lina uzito, lakini linachanganya usawa wa zamu na usawa wa hoja. Anayesikilizwa hadi mwisho ndiye anayeweza kuhukumiwa kwa haki. Tatizo kubwa zaidi la shairi liko kwingine: katika vuta n’kuvute hiyo hamna msuluhishi. Sikio la Mswahili husikia udugu kati ya haki na hakimu, ingawa maneno hayo yanatokana na mizizi miwili tofauti ya Kiarabu. Diwani hii inautenganisha udugu huo wa sauti: haki inadaiwa, hakimu hayupo, na kazi ya kupima inamwangukia msomaji.

Vifungu vya uchochezi vilifutwa katika sheria za Kenya mwaka 1997, na Katiba ya mwaka 2010 inataja haki ya kusikilizwa kwa usawa miongoni mwa haki zisizoweza kuwekewa mipaka. Mfasiri wa mafumbo anaweza kuhitimisha kwamba diwani imetimiza wajibu wake, kwa kuwa walengwa wake wamepita. Msomaji wa miundo hana sababu ya kuhitimisha hivyo. Kifungu cha katiba kinaeleza haki ya mtu kusikilizwa. “Mnazi” linamtaka msomaji aitekeleze, kwa kuwasikiliza Alii na Badi wote wawili kabla ya kuamua. Ufundishaji unaomkabidhi mwanafunzi orodha ya jazanda na maana zake unampokonya zoezi hilo, kwa kuwa unampa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa.