Leica M3: Sifa Yake Haiko kwenye Usahihi

Wapenzi wa kamera kongwe za filamu huisifu Leica M3 ya mwaka 1954 kwa usahihi wa kipima-umbali chake. Hesabu inawaunga mkono nusu tu. Kifaa hiki hutazama kitu kupitia vidirisha viwili vilivyoachana. Katikati ya tundu la kuchungulia huonekana taswira mbili, nawe unazungusha pete ya lenzi mpaka zilaliane ziwe moja. Kadiri vidirisha vinavyoachana na tundu linavyokuza, ndivyo jicho linavyonasa kosa dogo zaidi, kwa hiyo mizani ya haki ni kuzidisha viwili hivyo. M3 ina milimita 68.5 kwa ukuzaji wa 0.91, yaani takribani 62. Leica IIIf ya mwaka 1950 ina takribani milimita 39 tu, lakini kipima-umbali chake hukuza mara 1.5, nayo inakaribia 58. Pengo hilo dogo haliwezi kubeba sifa zote hizo.

Kilichobadilika ni kazi ya jicho. IIIf ina matundu mawili: moja la kupima, jingine la kupanga picha. Ukishapima unahamisha jicho, na anayepigwa picha akisogea hatua moja, kipimo kimeshapitwa. M3 iliweka yote mahali pamoja. Ni kweli Contax II iliyaunganisha matundu tangu 1936, lakini tundu lake lilitosha lenzi ya milimita 50. Lenzi nyingine zilidai kitazamio cha kupachika juu. M3 ilichora ndani fremu za mwanga za milimita 50, 90 na 135, zinazobadilika kwa kufuata lenzi iliyofungwa na kusogea kadiri umbali unavyopungua.

Wapo watakaouliza: mbona haina fremu ya milimita 35? Hoja ni nzito, na M2 iliyofuata ndiyo jibu: ukuzaji ulishushwa hadi 0.72 ili fremu hiyo ienee, na kipimo kikashuka hadi karibu 50. Hasara hiyo haiumi, kwa kuwa lenzi pana husamehe kosa dogo la fokasi. Lenzi ya 90 iliyofunguliwa sana haisamehe. Wengine watataja Nikon F ya 1959, inayotumia kioo kuonyesha kile kile ambacho lenzi inaona. Kwa lenzi ndefu kupita 135 haina mpinzani, ila kioo chake kinapopanda, picha hutoweka machoni sekunde ile ile inayopigwa. Kwa hiyo chaguo langu hufuata lenzi: M2 kwa 35, M3 kwa 50 na 90, na ng'ambo ya 135 naiachia Nikon.