Kinaya na Sadfa: Baba Aliyekosa Bonasi ya Krismasi

Ndugu mwalimu, ukisahihisha karatasi ya fasihi hukosi kukutana na jibu hili: "Hiki ni kinaya kwa sababu kinachekesha." Mtahiniwa wa aina hii hajakosa akili, amekosa mfano ulio wazi. Hapa Dundori niliupata mfano huo mahali nisipoutarajia: kipindi cha kwanza cha vibonzo vya Marekani viitwavyo The Simpsons, kilichoonyeshwa tarehe 17 Desemba 1989.

Homer ni mfanyakazi wa kiwanda cha umeme wa nyuklia. Krismasi inabisha hodi. Mwanawe, Bart, anachorwa tatoo kisirisiri. Alikusudia neno la Kiingereza mother. Mamake anamfumania na kumvuta kabla halijakamilika, likabaki moth, yaani nondo. (Mchezo wa maneno huo unatosha kipindi kizima cha darasa!) Marge, mkewe Homer, anatumia akiba yote ya familia kuifuta tatoo hiyo, akitegemea bonasi ya mumewe. Mtazamaji anajua tayari kwamba mwajiri, Bwana Burns, amewanyima wafanyakazi wa chini bonasi hiyo. Hapo ndipo penye kinaya cha kidrama, mpenzi msomaji. Kiini chake ni pengo kati ya ajuacho mtazamaji na ajuacho mhusika. Kicheko kikija, kimekuja juu ya pengo hilo.

Homer anaficha aibu yake na kwenda kuajiriwa kama Baba Krismasi dukani. Siku ya malipo anakatwa pesa za mafunzo, za mavazi, hata za kukodi ndevu, na hundi inabaki dola 13. Hiyo sasa ni kejeli, na inamlenga mwajiri. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu, walicheka mpaka kwenye hundi, kisha wakanyamaza. Wengi wao ni watoto wa wakulima wa viazi. Wanaijua sura ya mzazi anayerudi nyumbani baada ya dalali kumpangia bei.

Sisi tuliokulia Vitimbi ya KBC tulizoea kumcheka Mzee Ojwang' akinaswa na ujanja wake mwenyewe, huku Mama Kayai akimsuta. Kicheko kile kilimrudi mkosaji. Homer naye anadanganya, ila uongo wake unamuumiza yeye kwanza. Hata hivyo, mtahiniwa asimfanye malaika. Anamchukua mtoto wa miaka 10 hadi kwenye mbio za mbwa na kuucheza kamari ujira wote. Katika enzi hii ya kubeti kwa simu, sifa hiyo haifai kurukwa.

Tazama pia sadfa. Homer, ambaye ametoka tu kuvua ndevu za Santa, anasikia mbwa akiitwa Santa's Little Helper, msaidizi mdogo wa Santa. Anaiona kuwa ishara na kumwekea pesa zote, ingawa mbwa huyo ana nafasi 1 dhidi ya 99. Katika hadithi dhaifu sadfa huja kumwokoa mwandishi aliyekwama. Hapa mbwa anamaliza wa mwisho! Anafukuzwa na mwenyewe, anamrukia Homer, na Bart anaomba waende naye nyumbani.

Homer anaingia na kuungama kwamba hakupata bonasi. Maneno hayajatulia, Bart anatokea na mbwa, na nyumba nzima inamshangilia baba kwa zawadi bora kuliko zote.

Niliwauliza Kidato cha Tatu: hicho ni kinaya cha aina gani? Nusu ya darasa walishikilia kuwa ni cha kidrama, kwani familia haijui mbwa alivyopatikana. Nami nasema ni cha hali: aliyeshindwa kila mahali ndiye anayesifiwa. Msichana mmoja alinijibu kwamba vyote viwili vimo. Bado sijapata hoja ya kumpinga.